Mchanga wa Madam

Kwa siku tisa nilikosa usingizi kwa sababu ya mchanga.

Ulikuwa mchanga wa baharini, madebe matatu hivi, umelala kwenye kitako cha tangi la kioo katika nyumba moja ya kupanga mjini Kitale. Juu yake kulikuwa na mawe yenye matumbawe hai, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na maji ya chumvi lita mia tatu. Mwenye tangi alikuwa amehamia Bungoma, na mimi nilikuwa nimekubali kumpelekea kabla mwezi haujaisha, maana mwenye nyumba alitaka funguo zake. Aliniuliza, "Utaleta vyote?" Nikasema, "Vyote, Madam." Ni baada ya kusema hivyo ndipo nilipoenda saiba kusoma mtandaoni namna ya kuhamisha tangi la maji ya bahari. Karibu kila ukurasa niliofungua ulinionya juu ya jambo lilelile: mchanga uliokaa miaka bila kuguswa hutengeneza sumu ndani yake, na ukitibuliwa siku ya kuhama, samaki wanaweza kufa kabla jua halijatua.

Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili. Nivunje ahadi, au niue samaki wa mama wa watu. Mtu mwingine angechagua asubuhi na kuendelea na maisha yake. Mimi nililala chali nikijibishana na dari.

Madam alikuwa mwalimu wa Kemia. Shuleni kwetu walimu wote wa kike waliitwa Madam pamoja na majina yao, lakini yeye alibaki Madam tu, hata sokoni, hata kanisani, hata kwa fundi wa viatu ambaye hakuwahi kukanyaga maabara. Alinifundisha miaka minne. Kisha nikaenda chuo kikuu, kisha nikarudi nyumbani na digrii ya zuolojia na rundo la bahasha za kuombea kazi. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Nilipochoka kusikia mama akiniuliza kama kuna aliyejibu, nilikwenda kukaa kwa Madam, mbele ya tangi.

Sijui niieleze vipi sebule ile. Nje kulikuwa na mvua ya saa nane, matope mekundu, na malori ya mahindi yakinguruma kuelekea barabara kuu. Ndani mapazia yalikuwa yamefungwa, na mwanga wa pekee ulitoka majini. Ulipanda darini ukacheza huko, mistari ya samawati ikifungana na kufunguka, na pampu ilitoa sauti ndogo kama mtu anayetaka kuanza hadithi kisha anasita. Ukikaa dakika kumi ulisahau ulikuja kwa nini. Kochi lenyewe lilionekana kuelea. Niliwahi kumwona jirani aliyekuja kuazima ngazi akiondoka baada ya saa mbili, bila ngazi, akitabasamu peke yake.

Wale samaki wawili aliwaita Sodiamu na Klorini, kwa sababu, alisema, kila mmoja peke yake ni balaa lakini wakiwa pamoja ni chumvi ya mezani. Waliishi ndani ya kiumbe kimoja laini chenye vidole vingi vinavyopepea, wakiingia na kutoka kama watoto wanaocheza na pazia. Madam aliweza kuwatazama mchana kutwa. Darasani mtu huyohuyo alipiga meza kwa rula mpaka chaki zikaruka. Alikuwa akifunga mlango wa maabara kengele inapolia, na aliyebaki nje alibaki nje, hata awe mtoto wa mwalimu mkuu. Lakini msichana aliyefeli mtihani na kulia chooni, Madam alimleta nyumbani, akamketisha mbele ya tangi, akaingia jikoni kukaanga mandazi. Baada ya muda msichana alisikika akiuliza, "Madam, huyu anakula nini?" na hapo Madam alijua kwamba amepona.

Watu walimuuliza sana maji yanatoka wapi. Yalitoka Mombasa kwa lori. Malori yaliyopeleka mahindi pwani yalirudi na nafasi, na dereva mmoja wa Moi's Bridge, ambaye sote tulimwita Dere, alikubali kumletea mitungi minane ya maji ya bahari kila baada ya miezi michache. Maji yaliyopotea hewani aliyarudishia kwa maji ya mvua, kwa sababu chumvi haipai, hubaki. Kwa hiyo bahari ile ilikuwa nusu Mombasa na nusu mvua ya Kitale. Nilipenda kuwaza kwamba mawingu ya Mlima Elgon yamepita katikati ya vidole vya kiumbe kile. Kisha nilianza kujiuliza kama mvua inapita kwenye mabati yenye kutu, na furaha ikaishia hapo.

Safari moja mtungi mmoja ulivuja njiani. Dere, ambaye ni mwaminifu kwa namna yake, aliona haya kufika na mitungi saba. Akasimama dukani, akanunua chumvi ya kupikia, akaikoroga kwenye maji ya bomba, akionja na kuongeza, akionja na kuongeza, mpaka ulimi ukakubali. Madam alipotumbukiza kipimo chake cha kioo, kile kinachoelea, kikasimama palepale panapotakiwa. Lakini Madam hakuwa akiangalia kipimo. Alikuwa akimwangalia Dere.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Si ni baharini, Madam."

"Bahari ya wapi?"

Dere akatazama viatu vyake. "Ya pale Mau Summit."

"Kipimo umefaulu," Madam akasema. "Mtihani umefeli. Keti."

Akamketisha jikoni, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, akamfundisha kwamba bahari si chumvi moja, kwamba kuna kalsiamu ambayo matumbawe hujengea mifupa yao, na kwamba chumvi ya mboga haina habari hiyo. Mtungi ule wakaumwagia magugu ya uani. Baadaye tulisikia kwamba Dere sasa anawahutubia madereva wenzake kwenye foleni ya mizani: "Nyinyi mnadhani bahari ni maji na chumvi tu? Mko nyuma sana, bana."

"Ulipima, ama ulidhani?" Hilo ndilo swali lake kubwa. Aliliuliza kuhusu asidi, kuhusu sukari kwenye chai, kuhusu mchumba wa binti wa jirani. Nilipomwambia kwamba hakuna ofisi nchini itakayoniajiri, aliniuliza hivyohivyo. Nilikuwa nimetuma barua nne. Nyingine kumi na moja zilikuwa chini ya godoro, kwa sababu sikuwa na hakika kama "Wako mtiifu" inafaa au imepitwa na wakati.

"Wewe msomi," alisema, "kichwa chako kina moshi. Fungua dirisha."

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kila upande. Aliyebeba bahari sebuleni hakujua kuogelea. Pwani aliingia majini mpaka magotini, akiwa na sketi na mkoba, kisha akarudi nyuma. Aliwapenda samaki wake, na Ijumaa alikula samaki wa kukaanga na ugali, mkubwa, na kichwa akakifyonza. Ila kwa adabu aligeuza kiti, akala akiwa amelipa tangi mgongo. Alituhimiza tusiamini lolote bila ushahidi, na kila Jumapili alikuwa wa kwanza kwenye kwaya, akiimba sauti ya pili kwa macho yaliyofungwa. Nilipomuuliza juu ya hilo alinijibu kwamba swali ni zuri na jibu si la umri wangu.

Julai moja umeme ulikatika siku mbili. Julai ya Kitale inaingia mpaka kwenye mifupa, na viumbe wa bahari ya joto hawawezi baridi. Kufikia saa kumi jioni mtaa mzima ulikuwa umesikia. Walikuja na mablanketi. Mama yangu alileta lile la wageni. Mzee mmoja anayekaa karibu na msikiti alileta chupa mbili za chai, akidhani wagonjwa ni watu. Tulilifunga tangi blanketi juu ya blanketi mpaka likawa kama mtu mnene aliyelala, tukatia chupa za maji moto zielee ndani, na kila nusu saa mtu alikoroga maji kwa mwiko mpya ili hewa iingie. Mimi nilisimama nikijiuliza kama plastiki ya chupa inatoa kemikali. Madam alinipa mwiko. "Koroga," alisema. Katika giza lile la mchana, nikikoroga bahari polepole, nilisikia watu wakianza kuongea kwa sauti za chini, kama ndani ya kanisa, na sikumbuki kuwa na wasiwasi tena siku hiyo.

Sasa nije kwenye mchanga, maana hapo ndipo nilipokwama.

Kila Disemba Madam alikwenda pwani, na kila Disemba alirudi na kopo moja la majani chai likiwa limejaa mchanga. Aliumimina taratibu kwenye tangi, juu ya ule wa zamani, bila kuutibua. Alikataza kabisa mtu kuugusa. Nilipokuwa nikimsafishia kioo kwa ndani, alisimama nyuma yangu. "Mchanga usiguswe. Mkono juu. Mchanga usiguswe." Kopo moja kati ya yale walilichota wawili, yeye na mdogo wake, safari ya pekee waliyowahi kwenda pamoja. Mdogo wake alifariki mwaka uliofuata. Madam alinieleza hayo mara moja tu, akiwa ananipimia chakula cha samaki kwenye kijiko, na hakuinua macho.

Kisha sukari ikaanza kumla macho. Kwanza aliacha kusoma kipimo, akawa ananiuliza mimi. Kisha nikamkuta akimlisha Klorini upande ambao Klorini hayupo. Binti wa yule mdogo wake, nesi wa Bungoma, alikuja na gari la kuazima akamchukua. Madam hakubishana. Alipapasa kioo kwa kiganja, akaniachia funguo, akaondoka na sanduku moja. Nilibaki na bahari.

Wiki ya pili nilikwenda Bungoma kuona mahali tangi litakapokaa. Mpwa wake alikuwa amehamisha kabati, na fundi wa Misikhu alikuwa ametengeneza meza ya mbao ngumu ambayo hata ng'ombe angesimama juu yake. Juu ya meza alikuwa ametandika vitambaa vya kufuma, vimepigwa wanga, kama vile tunavyotandika chini ya televisheni. Madam alikuwa kwenye kiti, ameielekea ile meza tupu.

"Umekonda, ama ni sauti tu?" aliniuliza.

"Ni sauti, Madam."

"Huku kuna ukimya mbaya," alisema. "Nikiamka nasikiliza pampu, nasikia mbwa. Utaleta vyote?"

Hapo ndipo nilipojibu "Vyote." Nilisema haraka, kwa sababu uso wake ulikuwa umegeukia ukuta, pale ambapo sikuwa nimekaa.

Dere alikubali kutubebea mzigo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Alikuja siku kadhaa kabla kuupima kwa macho, akanikuta nimekaa sakafuni mbele ya tangi na karatasi tano za hoja. Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, kwa kuwa sasa alijihesabu mtu wa sayansi.

"Sasa shida iko wapi?" alisema. "Utupe hiyo ya zamani. Pale kwetu Moi's Bridge mchanga umejaa mtoni, mweupe, safi. Nakuja na gunia. Tunaweka. Si hata haoni, bana."

"Atauliza."

"Akiuliza unasema, 'Madam, uko hapa.' Atie mkono, aguse, asikie mchanga. Si mchanga ni mchanga?"

Alinitazama, na nadhani alikumbuka jiko la Madam, maana alikohoa. "Mimi nasema tu," akaongeza. "Huyo mama amepoteza mengi mwaka huu. Ukimwachia huu uongo mdogo, nani ataumia?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Nililigeuza siku mbili zaidi. Upande mmoja palikuwa na Sodiamu na Klorini na kile kiumbe cha vidole, ambao hawakuwa wameahidiwa chochote na mtu. Upande mwingine palikuwa na mwanamke ambaye alikuwa akiamka kusikiliza sauti isiyokuwepo. Katikati palikuwa na gunia la Moi's Bridge, jepesi kabisa. Kila nilipofikia kulikubali, nilimwona Madam akiingiza vidole majini, akisugua chembe kati ya kidole gumba na cha shahada, na uso wake ukigeuka. Wala sikuogopa kwamba angegundua. Nilichoogopa ni kwamba asingegundua, na mimi ningekaa hapo kwenye kochi nikimtazama akifurahia mchanga wa mto.

Alhamisi asubuhi nikatoka bila karatasi. Kulikuwa na ukungu mashambani, mahindi yakitokea vichwa tu, na mpaka nafika Bungoma nilikuwa na hisia kwamba bado nimelala.

Mpwa wake alikuwa zamu. Madam alinifungulia mwenyewe, mkono ukitambaa ukutani.

"Leo si Jumamosi," alisema.

"Si Jumamosi, Madam. Nimekuja kukuambia kitu. Mchanga sitauleta."

Alisimama pale mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa rula mezani. Nilieleza upesi, nikavuruga mpangilio, nikataja sumu, nikataja ahadi yangu, nikataja hata gunia la Dere na kwamba nimelikataa. Nilisema najua kopo la mdogo wake limo humo. Nilisema nimeamua, na kwamba kama ananikasirikia ni haki yake, lakini nitauacha.

"Umeuchimba?" aliuliza.

"Pembeni kidogo. Kwa penseli."

"Rangi?"

"Juu mweupe. Chini mweusi."

"Harufu?"

"Mayai viza."

"Haidrojeni salfaidi," alisema, taratibu, kama anayeita jina kwenye rejista na kumwona mwenye jina amekaa palepale siku zote. Alirudi kwenye kiti chake akaketi. Mimi nilibaki nimesimama.

"Unadhani nilikuwa nakataza usiguswe kwa sababu ya kumbukumbu?" alisema. "Nilijua. Mwaka wa sita, wa saba, nilishajua. Nilifundisha hiyo gesi watoto wa watu miaka yote, na nyumbani kwangu nikaikalia. Kila Disemba namwaga kopo jipya juu, nafunika." Aliigeukia ile meza tupu. "Mpwa wangu alikuja kunichukua mara tatu kabla ya hii. Nikamwambia sijamaliza kufunga vitu. Vitu gani? Nilikuwa na sanduku moja."

Nilikuwa nimemfahamu tangu kidato cha kwanza na sikuwahi kufikiri kwamba naye alilala chali akijibishana na dari.

"Na la mdogo wangu," alisema, "haliwezi kutoka peke yake. Nimelifikiria hilo. Mchanga hauna majina." Akajifuta uso kwa pindo la leso, mara moja, kama anayefuta ubao. "Sasa nisikilize. Samaki watoke kwanza, na mawe, na maji. Mchanga wa mwisho kabisa, chumba kikiwa kitupu. Madirisha yote wazi. Usiinamishe pua. Na huyo dereva asivute sigara karibu, atatulipulia nyumba ya mtu."

"Havuti, Madam. Sigara havuti."

"Vizuri. Umekula?"

Nilikuwa sijala. Tulikula maharagwe ya jana na chapati, yeye akipapasa sahani kwa ncha za vidole, na hakulitaja tena jambo lile. Nilipoaga aliniuliza barua zangu zilifika ngapi. Nikasema nne. Akasema, "Bado nne?"

Jumamosi tulianza saa moja asubuhi. Tulivuta maji kwa mpira mpaka kwenye mitungi ya Dere, tukawaweka Sodiamu na Klorini kwenye ndoo moja yenye kifuniko, na kiumbe chao kwenye nyingine, kikiwa bado kimeng'ang'ania jiwe lake. Matumbawe tuliyafunika kwa taulo zilizolowa maji yao wenyewe. Kila kitu kikatolewa hadi uani, kwenye kivuli. Nikafungua madirisha, nikavuta mapazia ambayo sikuwahi kuyaona yamefunguka, na mwanga wa kawaida wa Kitale ukaingia ukafika mpaka ukutani.

Kisha nikachukua sepetu ndogo. Pigo la kwanza lilitoa mchanga mweupe. La pili likatoa mweusi, na harufu ikapanda.

"Woi," Dere akasema kutoka mlangoni. "Hii ilikufa kitambo."

"Kaa nje," nikamwambia.

Sikusimama kuutazama, wala sikutafuta kopo lipi ni lipi. Nilichota nikajaza magunia, nikayaburuta moja moja hadi shimo la taka nyuma ya nyumba, nikayamwaga, nikarudi. Nilipomaliza, chini ya tangi palibaki kioo kitupu, na kupitia kioo hicho niliona mbao za meza iliyolibeba. Nikanawa mikono. Nikamwita Dere, yeye akashika upande wake nami wangu, tukaliinua tangi.